Kiti Kilichopanuliwa Mara Mbili

Fundi seremala alikipanua kile kiti mara mbili, na mara zote mbili alijisifu.

Alikitengeneza wiki ya pili baada ya kumzika mkewe. Kiti kidogo cha mtoto, chenye ubao wa kukinga mbele ili aliyekaa asitoke. Mjukuu wake alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza amejua kukimbia. Bibi yake alishinda akikimbizana naye uani, akiita, "Nani atanishika?", wakicheka kama wendawazimu. Siku moja bibi aliketi kizingitini apumue kidogo. Hakuinuka tena.

Tangu hapo mzee aliona mbio ni adui. Tena karakana ilijaa misumari na patasi. Binti yake, mama wa mtoto, alishona mashati kiwandani. Alimwacha mtoto asubuhi, akamchukua jioni. Basi mtoto akakaa kitini, biskuti mkononi, chai ya sukari kando. Akilia, biskuti. Akinyamaza, biskuti ya kumpongeza.

"Babu, wewe umeweza kulea," wateja walisema. "Mtoto ametulia kama meza."

Wakamwita Kibonge. Mzee alicheka nao. Kiti kilipombana mtoto, aling'oa misumari, akaongeza upana wa vidole viwili. Baadaye akaongeza vitatu.

Siku ya kliniki binti hakupata ruhusa kazini, mzee akampeleka mtoto. Muuguzi alimpima, akatazama kadi, akampima tena.

"Mzee wangu, huyu anacheza?"

"Anacheza."

Muuguzi akaenda upande wa pili wa chumba, akamwonyesha mpira. Kibonge alipiga hatua nne, akaketi sakafuni, akanyoosha mkono aletewe.

"Anakaribia miaka mitatu," muuguzi alisema. "Umri huu mtoto hatakiwi kutulia. Akimbie, apande, aanguke, ainuke, kutwa. Uzito umemzidi, na miguu ndiyo inaubeba. Haumwi huyu. Amekalishwa tu. Nani anashinda naye?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Mama yake."

Muuguzi akaandika kwenye kadi. Mzee hakujua kusoma. Aliibeba mfukoni njia nzima, na ilimlemea kuliko mtoto aliyekuwa begani.

Jioni binti aliisoma akiwa amesimama, uzi wa mashati bado umemganda kwenye gauni. Alirudia kusoma.

"Baba, wameandika eti mimi nashinda naye, namkalisha mno."

"Nimesema mimi."

Binti akaikunja kadi.

"Niliogopa," mzee akasema. "Mbio zilimuua mama yako."

"Mbio hazikumuua, baba. Kifua kilikuwa kinambana muda mrefu. Hakukuambia?"

Mzee alikumbuka. Aliambiwa, tena zaidi ya mara moja. Alikuwa akipiga randa, akajibu, "Pumzika basi," bila hata kuinua kichwa.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yake yalikuwa yameketi pale mbele yake, yakitafuna biskuti.

"Kesho nitamwacha kwa jirani," binti akasema.

"Niachie kesho tu. Nikishindwa, mpeleke."

Kulipokucha alipandisha patasi na misumeno kwenye rafu ya juu, akafagia misumari yote. Kazi ya saa moja. Mwaka mzima na zaidi hakuipatia hiyo saa. Kisha akang'oa ule ubao wa kukinga.

Kibonge hakutoka. Njia ilikuwa wazi, naye ameketi vilevile, mikono juu ya mapaja, akisubiri biskuti.

Mzee alitaka kulia, akaona haya. Alikwenda uani, akapiga magoti kwa tabu, akasema yale maneno ya marehemu ambayo hakuwahi kuyasema kwa kinywa chake:

"Nani atanishika?"

Mtoto akageuza shingo. Alimtafuta bibi yake kwanza, mlangoni, nyuma ya mbao. Hakumwona. Akashuka kitini kwa tumbo, taratibu.

Alipiga hatua nne, akaketi.

"Nani atanishika?" Mzee akatambaa nyuma kidogo. Magoti yakamlia.

Kibonge akainuka.