Nyoka Aliyebakiza Kidogo

Jumatatu nilikuwa kliniki Buzebazeba, mwanangu wa miezi minane mapajani, naiogopa mizani, maana mwezi uliopita uzito wake ulishuka. Pembeni yangu mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Katonga, mjukuu mgongoni, anacheza gemu la nyoka kwenye simu yake ya kitochi. Nyoka amejaza karibu kioo kizima.

"Mama, rekodi ya dunia ya hiyo huvunji," baba mmoja kwenye foleni akamwambia. "Nyoka akijaza kioo ndiyo mwisho, hana pa kupita. Waliofika hapo wamefika, hakuna wa kuwapita."

"Nani kakwambia navunja? Naenda kukaa nao."

Mara nesi akaita namba yake. Akanisukumia simu. "Mwanangu nishikie, asigonge ukuta!" Mimi huyo, mtoto kwapani, kata kulia, kata juu, foleni nzima inanielekeza kwa kelele, na nyoka akajing'ata mkia.

Aliporudi nilitaka kulia. Akatazama kioo, akasonya. "Umeniulia nyoka wangu. Haya, upya." Akabonyeza, kinyoka kifupi kikaanza kutambaa.

Nadhani walioweka rekodi zile zisizovunjika hawakuwahi kuitwa namba katikati ya mchezo, mjukuu mgongoni.

Zamu yangu ikafika. Mwanangu ameongezeka, ila kidogo, bado hajaingia kwenye eneo la kijani, la uzito mzuri, kwenye kadi yake.

"Haya, mwezi ujao tena," nesi akasema.

"Wiki ijayo namrudisha," nikamjibu. "Na uji nitampa mara tano kwa siku, ateme asiteme."