Nukta Chini ya Nta

Jamani, Chausiku binti Mbaruku alikuwa na dirisha la kioo! Pale Kwaluguru, kijiji cha ujamaa walichohamishiwa mwaka uliopita, wenzake waliziba madirisha kwa magunia. Yeye alipewa kioo na jirani yake, Mwalimu Habakuki, aliyepiga picha za nyota kwenye vioo kwa darubini aliyoachiwa na padri mmoja wa Korogwe. Picha ya kioo hicho ilitikiswa na upepo, Mwalimu akaona haifai. Chausiku akakibandika dirishani kwa nta ya nyuki, akawatambia majirani.

Siku chache baadaye, mwishoni mwa Agosti 1975, nyota ngeni ikawaka kaskazini, mahali palipokuwa patupu. Watu wakatoka nje, wakapiga takbira. Mwalimu akapekua vioo vyote alivyohifadhi. Mahali pale hapakuwa na kitu. Kikabaki kimoja, kile alichompa Chausiku, kilichopigwa siku chache tu kabla nyota ile haijalipuka. Akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Kile kioo!"

"Marahaba, mwanangu. Kitazame kinavyong'aa! Kilijaa vidoa vyeusi kama uchafu wa inzi, nikakisugua kwa majivu. Ramadhani inakaribia, nyumba chafu haifai."

Mwalimu akakaa mavumbini. Vidoa vile ndivyo nyota zenyewe. Kwenye kioo cha picha hutokea nyeusi. Alitaka kujua jambo moja tu: kabla ya kulipuka, nyota ile ililala, au ilifukuta kwanza kama moto wa shamba?

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama."

Moyo ulimwuma Chausiku. Lakini pembeni nta ilikuwa nene, majivu hayakufika. Akaibandua taratibu kwa ukucha. Mwalimu akainua kioo kwenye mwanga, akatazama kwa lenzi, kisha akapiga ukelele hadi kuku wakatawanyika.

"Ipo! Ilishaanza kufukuta, mama, na sisi hatuna habari!"

Chausiku akachungulia. Kinukta, kama ncha ya sindano. Akaambiwa mwanga ule ulianza safari maelfu ya miaka kabla ya babu wa babu zake.

"Subhanallah! Moto wote huo nimeubandika ukutani kwangu?"

Mwalimu akakichukua kioo, akaahidi kumletea kingine.

"Usilete," akasema. "Nitakisugua tu."

Akatundika gunia kama wenzake. Aliyemcheka alijibiwa: "Cheka wewe. Mimi nilisugua mbingu kwa majivu, Mungu akaniachia nyota moja."