Injini Ikikaa Nyuma, Bibi Atakaa Wapi?

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kampemba mnanielewa, mtu hakuhitaji kuliona gari ili awe na maoni juu yake. Kuona kulikuwa kunaharibu mazungumzo. Leo mtoto anafungua simu kabla hajanawa uso, anaonyeshwa lile gari jekundu la Wataliano mbele, nyuma na tumboni, anasikia hata linavyokohoa likiwashwa, kisha anabonyeza kamoyo kadogo na kuendelea na video ya paka. Hana neno. Hana chama. Ukimuuliza, "Sasa wewe uko upande gani?" anakutazama kana kwamba umemuomba figo. Sisi, ndugu zangu, tulikuwa na nusu ya picha tu, na kwa nusu hiyo nusura tantine, shangazi yangu, akose bwana.

Picha yenyewe ilibandikwa kwa wanga wa bukari, ugali wetu, katika saluni ya Ya Dodo, kinyozi wa avenyu yetu. Ilichanwa kwenye gazeti fulani la kigeni ambalo hakuna aliyejua limefikaje. Nusu ya pili ilikuwa imekwisha kwenda kwa mama mmoja muuza karanga, ambaye aliisokota, akafungia karanga, akauza. Kwa hiyo mahali fulani Lubumbashi kuna mtu aliyekula karanga, akatupa makalio ya lile gari, akaendelea na safari yake bila kujua alichotufanyia. Kwetu zilibaki taa mbili, pua iliyolala chini, tairi moja, kioo, na nusu ya mlango. Baada ya nusu ya mlango, ukuta.

Kwenye ukuta ule ndipo imani ilipoanza. Injini iko wapi? Chama kikubwa kilikuwa cha baba yangu, Papa Kasereka, mtu wa Butembo, aliyeuza maharagwe na mahindi kwa jumla, mwenye kamyo iliyokuwa ikienda Mitwaba na kurudi ikipenda. Baba alikuwa wa injini mbele. Alisukuma kamyo ile katika matope ya masika mpaka akayajua matope kwa majina, na mtu wa namna hiyo haulizwi cheti. "Motere inavuta," alikuwa akisema. "Mbuzi unamuvuta na kamba, uko mbele yake. Ukianza kumusukuma kwa nyuma, mutalala mu njia." Siku moja jirani akathubutu kumkumbusha ile gari ndogo ya Wadachi, yenye mgongo wa kobe, ambayo injini yake ilikuwa nyuma na sote tuliiona misheni. Baba hakutikisika. "Ile iko motokari ya bapadri," akajibu. "Padri hana bibi. Atie motere fasi anapenda."

Chama cha pili kilikuwa cha wanawake, na mkuu wake alikuwa tantine Kahindo, mdogo wake baba, aliyekuwa akikaa kwetu na kushona nguo barazani. Hao hawakujali injini. Walisema lile gari, huko nyuma tusikokuona, halina paa kabisa. "Mutu ananunua motokari ya namna ile juu bamuone," tantine aliuliza huku cherehani ikilia. "Sasa paa ya nini?" Wanaume wakamuuliza kuhusu mvua ya Januari. Akasema mvua haiwezi kumkuta mtu anayekimbia namna ile. Sisi watoto tukaona hilo linapimika. Mvua iliyofuata tukavua mashati, tukakimbia kutoka kona ya saluni mpaka kwenye bomba, tukalowa mpaka kwenye mifupa, tukaugua mafua, tukachapwa, na tukakubaliana kwamba tantine hakukosea, sisi ndio tulikuwa wazito.

Ee, utoto! Mikono yetu ilikuwa kiwanda. Waya za mukuba, ile shaba yetu, tulizikunja kwa meno. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu. Usukani ulikuwa kijiti kirefu mpaka kifuani. Kila mtoto alitengeneza aina yake. Kulikuwa na la injini mbele, jiwe limefungwa puani. La injini nyuma, jiwe limefungwa mkiani. La kichwa wazi la kina tantine. Na moja refu lenye kichanja cha kubebea makaa, kwa sababu mwenyewe hakuona faida ya kufika upesi mikono mitupu. Mlio nao ulikuwa fumbo. Hatukuusikia hata siku moja. Tukapiga hesabu kwamba gari likitoka nchi anakokaa Baba Mtakatifu haliwezi kunguruma kama kamyo ya maharagwe, lazima linaimba. Basi jioni, vumbi jekundu limesimama hewani na harufu ya chikanda, ile mikate ya mizizi na karanga, ikitoka kwa majirani, ungetuona kundi zima tukikimbiza waya zetu huku tukiimba Utukufu kwa Mungu Juu, tukibadilisha gia kwenye "amani". Katekista mmoja alisimama na baiskeli yake akatubariki, akidhani ni maandamano. Mama akatoka na mwiko: "Munaimbia motokari ya batu, na maji ya kuoga iko wapi?"

Sasa ndipo anapoingia Mukendi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole, mzaliwa wa Lubumbashi, wazazi wake watu wa Kasai, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Alimpenda tantine Kahindo, na tantine alimpenda, maana alianza kushona nguo za watu huku akicheka peke yake na mikono ya mashati ikatoka mirefu. Watu walidhani baba atamkataa kwa sababu ni wa Kasai. La! Hilo baba alilimeza bila maji. Kilichomkwama kooni kilikuwa injini.

Ilikuwa Jumamosi, baba amekaa kwenye kiti cha Ya Dodo, upande mmoja wa kichwa umekwisha nyolewa. Mukendi anangoja zamu yake. Mtu akamuuliza, kwa nia njema tu, mwalimu anasema nini juu ya picha. Mukendi akasimama kwanza, kwa heshima. "Papa Kasereka, munisamehe. Motere iko nyuma. Mutazame ile pua vile inalala. Pale hata sufuria ya bukari haiingie, motere itaingia namna gani?" Ya Dodo akazima mashine, akaisogelea picha, akainama, akasema, "Oo. Njo kweli."

Baba aliinuka na taulo shingoni akaenda nyumbani na nusu ya kichwa. Hakurudi kwa Ya Dodo, maana amesaliti chama. Na hakwenda kwa kinyozi mwingine, maana angeonekana amekimbia. Jumapili alikwenda kanisani hivyo hivyo, upande mmoja unang'aa, upande mwingine msitu, akaimba nyimbo zote kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mama alimtazama mezani akasema, "Sasa muko sawasawa na ile picha." Tulicheka mpaka munkoyo wa mahindi tuliokuwa tukinywa ukatutoka puani. Lakini tantine hakucheka. Aliacha chakula akaenda kukaa kwenye cherehani bila kushona. Nilimfuata, nikamkuta analia kimya, ameuma kitambaa. Aliniambia, "Kavira, yaya yangu, baba yako, akisema hapana, mimi sitakuwa na bwana mwingine. Sitaki mwingine." Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mchezo umefika mahali pabaya, na usiku ule nilitoa jiwe kwenye gari langu la waya nikalificha chini ya kitanda.

Siku ya mahari ikafika. Kwa watu wa Butembo mahari ni mbuzi, na kwa watu wa Kasai pia mbuzi anajulikana, hivyo juu ya mbuzi hakukuwa na ugomvi. Walifungwa mlangoni, wakala maua ya mama. Ndugu za Mukendi wakakaa upande mmoja wa sebule, sisi upande mwingine, msemaji wao katikati akisifu familia zote mbili. Baba alingoja amalize. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, upande mmoja zaidi ya mwingine. Akasema, "Bambuzi niliona. Iko bazuri. Lakini mbele ya kupokea, nauliza mukwe neno moja tu. Motere iko wapi?"

Baba mdogo wake Mukendi akamvuta koti. "Sema mbele!" akamnong'oneza, na sebule yote ikasikia. "We mutoto, sema mbele! Motere haiko yako, bibi njo wako!"

Mukendi alimtazama baba yake mdogo, akawatazama mbuzi, akautazama mlango wa chumba alikofichwa tantine. Kisha akasema, "Papa, nikidanganya leo juu ya motokari, kesho nitadanganya juu ya nini? Iko nyuma."

Wanawake wakashika vichwa. Baba akapiga goti lake kwa kiganja, akauliza swali ambalo avenyu yetu ililikariri miaka na miaka: "Mutu mwenye kutia motere nyuma, bibi yake atamutia wapi?"

Mbuzi mmoja alilia, mwingine akamnyamazisha kwa pembe. Lakini desturi ni desturi: lazima msichana mwenyewe aitwe aulizwe kama vitu vya wageni vipokelewe. Baba akaagiza aletwe, kwa uso wa mtu aliyekwisha shinda. Tantine akaja na kitenge kipya, akapiga magoti, macho chini. Baba akamuuliza kama inavyoulizwa: "Kahindo, bintu hii ya bageni, tukule ao tubarudishie?"

"Yaya," tantine akasema polepole, "nilisikia swali yako kule ndani. Motere ikikaa nyuma, mbele inabakia wazi. Mimi nitakaa mbele." Akapumua kidogo. "Mukule."

Jamani! Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilimkurupusha kuku wa jirani akataga barabarani. Mama aliinuka akacheza peke yake. Baba alikaa amefungua mdomo, akatafuta hoja juu, akatafuta chini, hakuipata, akaagiza soda zifunguliwe. Jioni ile ile alikwenda kwa Ya Dodo akanyolewa upande uliobaki.

Msidhani alikubali. Baba yangu hakuwahi kukubali kitu katika maisha yake. Alikuwa akilipiza kwa ukarimu. Siku ya harusi aliosha kamyo, akaipamba kwa maua ya karatasi, akawapandisha bibi arusi na bwana wake nyuma, kwenye karoseri, wamesimama wameshika vyuma. "Banataka motere nyuma?" akasema. "Nitabapatia motere nyuma." Akaingia mwenyewe kwenye usukani, na kutoka kanisani mpaka nyumbani akaiendesha kamyo kinyumenyume. Avenyu baada ya avenyu! Sisi watoto tulikimbia mbele, yaani nyuma, na waya zetu, tukiimba Utukufu. Polisi wa barabarani alipuliza filimbi, asijue mkono upi ainue, akauliza, "Papa, hii motokari inaenda ao inarudia?" Baba akatoa kichwa dirishani: "Inapeleka bibi!" Na tantine yangu alikuwa amesimama mbele kabisa, hakuna paa, upepo umechukua shela yake, injini inanguruma huko nyuma, anacheka na machozi yanamtoka. Shingo ya baba ilikaa imepinda wiki nzima, na mtu akimpa pole alisema haiumi.

Tangu hapo kila Jumapili Mukendi alikuwa akija kwetu baada ya ibada, wanakula, kisha mmoja anaanza: "Lakini shemeki, ile pua..." Wamebishana hivyo mpaka wote wawili wana mvi. Katika vipindi vibaya, na mji wetu umeviona, vyakula vilipungua mezani lakini injini haikukosekana.

Basi kiangazi kilichopita, kijana mmoja wa biashara ya madini alilileta lile gari lenyewe. Lilishuka uwanja wa ndege wa Luano, watu wakasema, limefunikwa shuka kama mgonjwa. Jumapili likapita Kampemba kujionyesha, likafika kwenye tuta la avenyu yetu, tumbo likapanda, likakwama hapo linaning'inia. Habari zikatufikia tukila. Wazee wawili waliacha bukari ikipoa, baba na fimbo yake, Mukendi akimshika kiwiko, tantine na mimi nyuma, na binti yangu Plamedi mbele na simu.

Walikaribia kutoka upande wa pua. Taa mbili. Tairi. Kioo. Wakafika kwenye nusu ya mlango, wakasimama. Pale pale picha ilipokuwa ikiishia.

"Njo yenyewe," baba akasema.

"Njo yenyewe, yaya," akasema Mukendi.

Hawakuongeza hatua. Plamedi akawarudia babu zake, anashangaa: "Bakambo, munangoja nini? Muzunguke! Ao mutazame hapa tu, iko inaonyesha kila kitu, motere iko—"

Mukendi akaweka kiganja chake juu ya kioo cha simu. Mukendi, yule aliyekuwa anakaribia kushinda! "Funika iyo, mama," akamwambia Plamedi. "Nani alikuuliza?"

Tukarudi nyumbani. Bukari ilikuwa imekauka, mama akasonga nyingine huku akitutukana. Baba alipomaliza kunawa mikono akauliza, bila kumtazama shemeji yake, "Shemeki, wewe uliona kule nyuma?"

"Sikuona, yaya. Bantu balikuwa bengi."

Nami nilikuwa pale. Vijana wote walikuwa puani wakijipiga picha; nyuma ya gari palikuwa patupu, ungeweza kuanika mahindi. Tantine peke yake ndiye aliyenung'unika, kwamba walilitia paa, waliharibu kitu kizuri. Kisha baba akapiga goti kwa kiganja, akasema lakini ile pua, akiitazama vizuri, motere inaingia, na Mukendi akavuta kiti karibu. Plamedi alikuwa amekwisha kula. Alikaa peke yake pembeni na simu yake, anajua injini iko wapi, na hakuna mtu wa kubishana naye.