Alasiri Tuliyomwita Arudi

Mume wa shangazi yangu alianguka akikata nyasi mbele ya nyumba yetu katika mtaa wa Alief, Houston, Marekani, kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ya tisini. Alipofikishwa hospitalini alikuwa ameshakata roho. Mimi nilikuwa nimetoka Kenya mwaka uliotangulia, nikaishi kwao huku nikisomea unesi, naye hakukosa kunitania kila nilipounguza chapati.

Shangazi hakulia. Alikuwa nesi wa miaka mingi, tena kiongozi wa maombi katika kanisa letu la Wakenya, lililokutana ndani ya jengo lililokuwa duka la samani. Alimwambia mchungaji, "Mungu hajaniambia kwamba anamchukua." Mchungaji akajibu kwamba ikiwa Mungu hajasema, basi sisi hatuna ruhusa ya kuzika.

Nyumba ya mazishi alikohifadhiwa ilikubali tukae na mwili alasiri moja. Tulikuwa wengi kuliko viti. Alikuwa amelazwa mezani, amevalishwa shati, amefunikwa shuka nyeupe hadi kifuani. Mchungaji akamwita kwa jina, akaiamuru mauti imwachie. Sote tukaanza kukemea na kunena kwa lugha. Sikwenda pale kutazama. Niliamini. Nilikuwa na uhakika ambao sijawahi kuupata tena juu ya jambo lolote, kwamba angeketi, aombe maji, nasi tungerudi naye nyumbani kabla ya giza.

Kisha shuka ikatikisika.

Niliiona. Pale juu ya tumbo iliinuka kidogo ikashuka, kama ya mtu aliyelala usingizi wa kawaida. Mama mmoja akapiga yowe. Shangazi akanikamata mkono.

"Umeona?"

"Nimeona, Anti."

Watu wakalia kwa furaha, na mzee mmoja wa kanisa akakimbia nje kupiga simu Kenya. Tukapaza sauti zaidi tukingoja pumzi ya pili. Haikuja. Juu ya ukuta palikuwa na tundu la kiyoyozi, nacho kilikuwa kikijizima na kujiwasha. Nililitazama lile tundu, mara nikaona haya kwa kulitazama.

Sauti zilianza kukauka. Mchungaji akajifuta jasho, akatukagua mmoja mmoja. "Humu ndani kuna mtu ana shaka," akasema. "Huyo ndiye anayezuia." Tukainamisha vichwa. Uso ulinichoma kana kwamba amenitaja.

Aliyelimaliza jambo lile ni shangazi mwenyewe. Alisogea mezani, akauinua mkono wa mumewe, akajaribu kuukunja kiwikoni. Ukakataa. Akaurudisha polepole, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi. Halafu akasema, kwa sauti ile ya kazini ya kuongea na jamaa za wagonjwa, "Tumwache sasa. Amechoka." Tukatoka kwenye joto la nje, kila mtu akatafuta gari lake, na hakuna aliyeaga.

Lakini simu ilikuwa imeshafika Kenya. Siku zilizofuata watu wa nyumbani walipiga mfululizo, wakishangilia, wakitaka kusalimiana naye. Shangazi aliwaambia bado amelala. Mama mkwe wake alipopiga nilikuwa nimesimama kando ya shangazi. Ile sauti ya bibi kizee ilitoka kwenye simu hadi nikaisikia: "Nipe mwanangu, nimsikie tu." Shangazi akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "amelala kabisa." Huko upande wa pili hakukuwa na kilio, ila mlio wa simu ikiwekwa chini.

Tulimzika. Kanisani hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Mimi nilihamia Dallas, nikawa nesi, nikaacha kwenda ibada bila kumuaga mtu. Lakini kila mgonjwa alipofia mikononi mwangu nilibaki chumbani muda mrefu kuliko inavyohitajika, nikiikodolea macho shuka, sijui nikiomba isogee au isisogee. Mara nyingine niliisikia sauti ya yule bibi nikiwa kwenye foleni dukani, waziwazi, karibu na sikio.

Miaka kadhaa baadaye nilimtembelea shangazi. Alikuwa jikoni akikatakata sukuma wiki. Nikamuuliza nililoshindwa kuuliza siku zote.

"Anti, siku ile uliamini kweli?"

"Nilijua tangu hospitalini. Macho yake niliyafumba mimi."

"Basi mbona ukatuita?"

Hakuacha kukata. "Wangemchukua mara moja kumzika. Nilitaka kukaa naye, na wenzangu wawepo. Sikujua njia nyingine ya kuomba hilo."

"Na ile shuka?"

Kisu kikasimama. "Ile niliiona," akasema. Sikumsikia akiizungumzia tena.

Sikurudi katika kanisa lile, wala sikujiunga na jingine. Siku hizi huomba ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali, kabla ya zamu. Simwamuru Mungu chochote. Namtajia wagonjwa wangu, kisha nanyamaza. Kuna asubuhi nahisi kabisa kwamba yupo anayesikiliza, na kuna asubuhi gari ni gari tu. Nikishamaliza nafungua mlango, naingia kazini.