Ini Langu na Kibuyu cha Mama

Ndugu zangu, nasimama mbele yenu kwa miguu hii ambayo mwaka jana haikuingia kiatu chochote. Namshukuru Mungu.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Nilipohitimu ualimu nilipangiwa shule karibu na machimbo ya dhahabu, Geita. Nilijipikia mwenyewe. Maziwa sikujua pa kuyapata, nyama ilikuwa ghali, nikala ugali wa muhogo kwa bamia, miezi mingi.

Uso ulianza kujaa. Niliporudi kwetu Samuye likizo, majirani walishangilia, "Mwalimu kanenepa! Machimbo yamemkubali!" Mimi nilibonyeza mguu, shimo la kidole likabaki. Nikawaza ni moyo. Kesho yake nikawaza ni figo. Kisha nikaanza kuharisha, ngozi ya mapaja ikabambuka, na chini ya mbavu za kulia pakawa pazito kama nimebeba jiwe.

Kwetu anayeheshimiwa hupewa samli. Mama alitikisa kibuyu cha maziwa, akatoa siagi, akaichemsha, akanimiminia samli juu ya ugali. Mtindi uliobaki walipewa ndama na mbwa. Nikazidi kuvimba. Siku niliyoshindwa kusimama, baba alinilaza kwenye gari la ng'ombe mpaka hospitali ya mjini.

Daktari alinichoma sindano ubavuni, akatoa kipande cha ini chembamba kama uzi. Siku chache baadaye akaniletea darubini wodini, mama akiwa amenishika mkono.

"Hizi ni seli, vyumba vidogo vinavyojenga ini. Unaona vitone vyeupe?"

"Naviona. Ni wadudu?"

"Ni mafuta. Seli huyaweka akiba kwa vitone vidogo, vikikutana vinakuwa kitone kikubwa. Ini lenye afya huyatoa yakatumike mwilini. Lako limekosa maziwa na nyama, halina nguvu ya kuyasafirisha. Limejaa."

"Nitakufa?"

"Ukiendelea hivi, huenda. Acha samli. Anza maziwa yaliyotolewa siagi."

Sikuthubutu kumtazama mama. Je, ataona ameniua kwa mapenzi yake? Yeye akauliza, "Daktari, yaani ini la mwanangu ni kibuyu, siagi imeganda ndani?"

"Hasa, mama."

"Loo! Kumbe mbwa ndiye nilikuwa nampa dawa!"

Wodi nzima ikacheka, hata mimi.

Kesho yake alileta mtindi. Mwanzoni niliutapika. Akaninywesha kijiko kwa kijiko. Kisha nikaanza kukojoa mno, uvimbe ukashuka, nikabaki mifupa. Mama akalia akidhani ndiyo mwisho. Daktari akamwambia, "Huyu ndiye mwanao. Yule mnene yalikuwa maji."

Nyama ilirudi mwilini polepole. Lile jiwe likaondoka.

Ndugu zangu, mtu akijaa mashavu ghafla, msimsifu kwanza. Mbonyezeni mguu. Shimo likibaki, mpelekeni hospitali, na nyumbani msimnyime maharage, dagaa wala mtindi.

Namshukuru daktari, na baba na ng'ombe wake. Mama yuko pale nyuma. Kila asubuhi bado ananiletea kibuyu, na mbwa wetu ananitazama kama mwizi. Wabeja, mama. Asante kwa uhai huu.