Jogoo wa Kukombolea Treni

Kaka yangu Octavian ni seremala wa hapa Ipuli. Hana makuu. Hagombani na mtu, na akikasirika hunywa maji. Hasira za ukoo mzima nimezirithi mimi, Agnetha, kwa hiyo habari hii niacheni niisimulie mwenyewe, maana yeye ukimwuliza atakujibu, "Yamepita, dada." Yamepita wapi? Hayajapita!

Mama yetu, Josepha, alizaliwa Urambo, nyumba ya jirani kabisa na stesheni. Aliolewa huku Tabora angali binti, lakini moyo aliuacha kwao. Alipopigwa na kiharusi miguu ikagoma, na daktari akatukataza kumsafirisha. Basi mama akabaki na neno moja. Asubuhi Urambo, jioni Urambo. "Nipelekeni nikaione stesheni yetu, nife nimeridhika." Unamjibu nini mzazi anayekuomba hivyo?

Siku moja Octavian akaingia chumbani kwa mama na mbao begani, akapima kimo cha kitanda, akaanza kugonga misumari. Nikamwuliza, wewe, una nini?

"Mama hawezi kwenda Urambo," akasema. "Basi Urambo ije kwake."

Nikajua seremala wetu kachanganyikiwa. Lakini aliendelea. Alitengeneza meza nyembamba iliyofuata kuta tatu za chumba, kimo kimoja na godoro, ili mama aone bila kuinua kichwa. Tabora ilianzia penye mto wa kulalia, karibu na kichwa chake. Usoke ilikuwa chini ya dirisha. Urambo ingekuwa miguuni pake, mwisho wa reli. Reli zenyewe zilikuwa mbavu za miavuli mibovu alizozinyoosha kwa nyundo. Mataruma aliyachonga kwa mabaki ya mninga, moja moja, akayamwagia kokoto alizozichekecha kwa chujio langu la chai, ambalo mpaka leo sijarudishiwa. Miti ilikuwa vipande vya sifongo vilivyochovywa rangi, na katikati ya miti kulikuwa na mabani madogo ya udongo ya kukaushia tumbaku, kila moja na mlango wake.

Na mkaguzi alikuwa mama. Weee! Yule hakupitisha kitu. "Tangi la maji halikuwa hapo, lilikuwa ng'ambo. Ng'oa!" Octavian anang'oa. "Nyumba ya mwashi ilikuwa na kibaraza. Kibaraza kiko wapi?" Octavian anaongeza kibaraza. Mwanamke ambaye miezi mingi hakutaka hata uji, sasa akiamka anauliza leo tunajenga nini.

Sasa nimtaje Adinani, na nikimtaja nawaomba mnivumilie.

Adinani ni Mzaramo, fundi umeme, aliyekuja Tabora zamani akafungua kibanda cha kutengeneza redio ubavuni mwa karakana ya kaka yangu. Mnajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani. Mtani atakutukana mbele ya mkweo na wewe utacheka. Atamkamata kuku wako uani na kuondoka naye, na wewe jioni utamfuata na kitu kidogo, soda au hata jogoo, umkomboe kuku wako, kisha mle pamoja. Kumkasirikia mtani ni aibu. Tumelelewa hivyo.

Na wale wawili walitaniana mpaka majirani wakazoea kelele zao. "Mtumwa wangu!" Adinani anaingia asubuhi. "Babu yako alinibebea pembe mpaka Bagamoyo, na wewe njoo unibebee hii betri." Octavian naye: "Nenda zako, mla nazi, uliyeuza kiwanja cha baba yako ucheze mdundiko!" Adinani ndiye aliyeitia uhai ile treni, siwezi kumnyima haki yake. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la maziwa, ndani yake mota ya redio kaseti, na nguvu ilitoka kwenye betri ya pikipiki. Siku kilipotambaa kwa mara ya kwanza kutoka Tabora mpaka Usoke, mama alilia, na Adinani alilia. Machozi yake niliyaona kwa macho yangu haya.

Jambo moja tu walibishana. Adinani alitaka reli iwe duara, treni izunguke bila kusimama. Octavian akakataa katakata. "Nani alishawahi kupanda treni ya Urambo akajikuta amerudi Tabora bila kushuka? Reli inakwenda mahali, bwana." Ikabaki kama mama alivyotaka.

Tulipombatiza mjukuu wangu, nyumba ilijaa watu, na kila mtu akataka kuiona treni. Adinani akapanda juu ya kiti akatangaza, "Jamani, hii mali yangu! Mtumwa wangu ameijenga, na mtumwa hana mali!" Watu wakavunjika mbavu. Octavian naye, soda mkononi, akajibu inavyotakiwa: "Chukua! Beba na reli zake! Na mama umbebe, ukamnunulie uji!" Mama mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Ndivyo mtani anavyojibiwa. Ungejibu nini kingine?

Ikabaki stesheni ya Urambo tu kujengwa. Octavian hakutaka kukosea kitu, akapanda gari akaenda kuitazama stesheni kwa macho yake: paa, milango, benchi alilosema mama. Mimi nilikuwa sokoni na mchele wangu wa Igunga. Adinani akaja nyumbani na vijana wawili. Akampigia mama shikamoo, akasema, "Bibi, nimekuja kuchukua mali yangu."

"Marahaba, jizi kubwa wee!" mama akamjibu kwa furaha. "Beba. Mwanangu atakuja jioni na jogoo."

Na akamtazama akiifungua, kipande kwa kipande, akicheka naye. Mama alishiriki utani, jamani. Alidhani anacheza.

Octavian aliporudi akakuta kuta tupu, alicheka zaidi ya mama. "Mla nazi kaniweza!" Akaenda sokoni akanunua jogoo mwekundu, mkubwa, akamkumbatia kwapani, akaenda zake kibandani anapiga mluzi. Akakuta kufuli. Akapiga simu. Adinani akapokea, akasema yuko Igunga, ndani ya lori.

"Mtumwa wangu, si ulinipa mwenyewe? Watu wote walisikia."

"Haya, umeshinda," Octavian akasema, bado anacheka. "Jogoo ninaye hapa. Rudi tule."

Hapo sauti ya yule mtu ikabadilika. "Octa, nisikilize. Kuna tajiri Dar, ana hoteli, anataka kitu cha kuwavutia wageni. Ameniahidi kazi ya kudumu. Wewe una mikono, ndugu yangu. Utajenga nyingine." Akakata.

Utajenga nyingine! Na mama je, utajenga mwingine?

Nilimburura kaka yangu mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. "Mambo ya watani mimi siyaingilii. Na wewe Octavian, si ulisema achukue?" Kila tuliyemweleza alicheka. Wahenga walisema mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Ule usaha ulitumbukia nyumbani kwetu, na watu wanatuambia ni mzaha tu.

Octavian alikaa karakanani, jogoo mapajani. "Dada," akaniambia, "ningeibiwa na mwizi ningepiga yowe. Huyu nimpigie yowe gani?" Sijapata kumwona vile tangu tukiwa watoto. Kusalitiwa kunauma, lakini kusalitiwa ukiwa umekatazwa hata kununa, hicho ni kitu kingine.

Baadaye kijana mmoja wa mtaani alinionyesha video kwenye simu. Ukumbi unang'aa, watoto wa watu wanapiga makofi, na treni yetu inazunguka tangi la samaki. Inazunguka tu. Reli ya Urambo walikuwa wameikunja duara. Octavian aliitazama mara moja, akarudisha simu, akanywa maji.

Hakujenga nyingine. Bila fundi wa mota, na mama anazidi kudhoofika, angeanzia wapi? Alichonga stesheni ya Urambo tu, na paa lake na benchi lake, akaiweka miguuni pa mama. Mama akaitazama sana.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Na treni imefika wapi?"

"Iko Usoke, mayu. Inangoja kupishana na nyingine."

"Usoke hawana haraka," mama akasema. "Mwambie gadi asilale."

Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi treni ilikuwa Usoke. Siku ya mwisho hakuuliza. Alimshika Octavian mkono akasema polepole, "Mwambie Adinani utani sasa umetosha. Airudishe." Mpaka anakata roho alijua ni utani.

Tulimpeleka Urambo, alikotaka, nyuma ya gari. Octavian alikuwa amembeba yule jogoo kikapuni kutoka Ipuli, na sikumwuliza wa nini. Siku ya mazishi, Adinani akaja. Alishuka treni ya kutoka Dar palepale stesheni. Tulipolinyanyua jeneza, akafanya kazi ya mtani msibani: akajilaza njiani mbele yetu, vumbini, akapiga kelele, "Haendi mtu! Bibi huyu ni wangu! Wapi mtumwa wangu anilipe?"

Watu wakaanza kutabasamu, wakimgeukia Octavian wasikie tusi litakalotoka.

Octavian akainama, akamshika mkono, akamwinua. Akampangusa vumbi begani, taratibu.

"Pole na safari, bwana Adinani," akasema. "Ahsante kwa kuja. Agnetha, mtafutie mgeni kiti."

Hakuna aliyecheka. Adinani alibaki amemkodolea macho. "Octa," akasema, "nitukane. Nitukane basi, ndugu yangu."

"Siwezi kukukosea adabu, bwana. Wewe ni mgeni wetu."

Baada ya maziko Octavian alimwita jirani Mwislamu amchinje jogoo, ili mgeni ale bila wasiwasi. Nikampika mimi, kwa ufundi wangu wote, nikampakulia Adinani sahani yake peke yake na maji ya kunawa. Alikaa kwenye kile kiti mpaka wali ukapoa. Kila aliyepita alimwambia karibu, na hakuna mtu aliyemtania.