Mpima Joto la Mbingu
Fundi anayepima joto lililobaki angani tangu ulimwengu uanze hutembea kwa ncha za vidole na kunong'ona, utadhani mbingu imelala. Kila baada ya dakika kumi hukizungusha kidogo chombo chake cha kupimia, aone mawimbi ya joto hilo yanatikisika upande gani, kisha huficha mikono kwapani isije ikapasha hewa. Siku moja mkurugenzi alikuja kukagua, akakiinamia chombo, na mstari kwenye skrini ukaruka.

"Samahani mzee, rudi nyuma. Hicho kipara kitaniharibia vipimo vya wiki tatu."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Una joto kuliko mbingu."

Mkurugenzi akarudi kinyumenyume hadi nje ya geti, akasimama juani kama mwanafunzi aliyechelewa. Fundi akaandika daftarini: "Saa nne na nusu. Mkurugenzi ameondolewa. Mbingu imetulia."